Jibu kwa Matendo Yako: Mtihani wa Hulka na Mtafuta Kazi

Mhadhara wa hadhara, Machakos



Kijana anayemaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Machakos, au katika chuo chochote cha ufundi katika kaunti hii, huyajua mengi anayotakiwa kuandaa kabla ya kuomba kazi. Huandaa vyeti vya shule, wasifu kazi na barua ya maombi. Hutafuta cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na stakabadhi za KRA, HELB na EACC za kuonyesha kwamba hadaiwi kodi wala mkopo na hana doa la ufisadi. Akiitwa kwa mahojiano, huwauliza walimu wake atakayoulizwa. Lakini waajiri wengi wakubwa, zikiwemo benki, kampuni za simu, kampuni za ukaguzi wa hesabu na mashirika ya misaada, sasa wameweka mlango mwingine kabla ya mahojiano. Kiungo huja kwa barua pepe. Anayekifungua hukuta sentensi mia moja au zaidi zinazoihusu nafsi yake: napenda kufanya kazi peke yangu, mimi hukasirika upesi, watu huniona kuwa kiongozi, sijawahi kusema uongo. Kila sentensi anatakiwa aijibu kuanzia "nakubali kabisa" hadi "nakataa kabisa". Mara nyingi hujibu kwa simu, bando likikaribia kwisha, au kwenye saiba huku wengine wakingoja kompyuta. Maelezo ya mwanzo humhakikishia kwamba hakuna jibu sahihi wala lisilo sahihi. Baada ya siku chache ujumbe huja kumwarifu kwamba hakuchaguliwa, na hakuna anayemweleza kilichomwangusha.

Mitihani hii, ambayo wengine huiita saikometriki na ambayo leo nitaiita mitihani ya hulka, imezaa swali moja miongoni mwa vijana: nijibuje? Kuna mashauri mawili yanayozunguka. La kwanza linasema: mfikirie mfanyakazi ambaye mwajiri anamtamani, kisha ujibu kama yeye. La pili linasema: kuwa wewe mwenyewe, jibu la kwanza linalokujia moyoni ndilo la kweli. Mimi nayakataa yote mawili. La kwanza linamtaka mtu adanganye bila kujua hata uongo unaotakiwa ni upi. La pili, ingawa linasikika kuwa la uadilifu, linasahau kwamba mtoto aliyelelewa Kangundo, Mwala au Masinga amefundishwa namna ya kujizungumzia ambayo waliotunga maswali hawakuifikiria kamwe. Ninalotetea leo ni hili: mtafuta kazi ajibu kwa kutazama matendo yake, yale aliyokwisha kuyafanya na anayoweza kuyathibitisha mbele ya watu, na aseme kwa uwazi kile ambacho matendo hayo yanaonyesha, bila kujitukuza na bila kujishusha. Wala mzigo huu si wa mtafuta kazi peke yake. Mwajiri na sheria wana sehemu yao, nami nitaifikia.

Tuanze na chimbuko, kwa sababu anayejua chombo kilitengenezwa kwa kazi gani hukiogopa kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwanasaikolojia wa Marekani Robert Woodworth aliombwa atafute njia ya kuwatambua wanajeshi ambao huenda wangevunjika akili chini ya mabomu. Alitunga orodha ya maswali ya ndiyo na hapana kuhusu usingizi, hofu na wasiwasi. Vita viliisha mwaka 1918 kabla orodha hiyo haijatumika sana, lakini mfano ulikuwa umewekwa: muulize mtu kuhusu nafsi yake, hesabu majibu, mpe namba. Mwaka 1943, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Starke Hathaway na J. C. McKinley walichapisha mtihani mrefu uliokusudiwa hospitali za wagonjwa wa akili. Ndani yake waliweka jambo ambalo kila mtafuta kazi angefaa kulijua: maswali 15 ya kunasa uongo, yanayotaja makosa madogo ambayo karibu kila binadamu huyafanya. Anayekana yote huhesabiwa kuwa anajipamba. Kipimo kingine mashuhuri, kile cha Myers-Briggs kinachowagawa watu katika makundi 16, kilibuniwa na mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, ambao hawakusomea saikolojia chuoni, wakitumia mawazo ya mwanasaikolojia Carl Jung. Wachapishaji wa kipimo hicho wenyewe wanasema kisitumiwe kuchagua nani aajiriwe, na bado wapo wanaokitumia hivyo.

Mitihani inayoheshimiwa zaidi leo imejengwa juu ya sifa tano: bidii pamoja na utaratibu, uchangamfu, upole kwa wenzako, wepesi wa kupata wasiwasi, na upendo wa mambo mapya. Mwaka 1991 Murray Barrick na Michael Mount walikusanya tafiti 117 kuona kama sifa hizi zinabashiri utendaji kazini. Bidii na utaratibu ndiyo sifa iliyoonyesha uhusiano katika kazi za kila aina, na uhusiano wenyewe ulikuwa takriban 0.2, kwenye kipimo ambacho 0 ni kutokuwepo kwa uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Kwa hesabu, uhusiano wa 0.2 unaeleza asilimia 4 hivi ya tofauti kati ya mfanyakazi mmoja na mwingine. Asilimia 96 iliyobaki iko kwingine: katika ujuzi, afya, msimamizi, mshahara, umbali wa nyumbani, bahati. Paul Sackett na wenzake walipozipitia upya tafiti za miaka mingi mwaka 2022, waligundua kwamba mahojiano yaliyopangwa, ambamo kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale kuhusu kazi yenyewe, yalibashiri vizuri kuliko njia nyingine zote walizozilinganisha, kwa uhusiano wa 0.42. Na mwaka 2007 wanazuoni watano waliowahi kuhariri majarida makubwa ya taaluma hii waliandika pamoja kwamba mitihani ya hulka ambayo mtu hujijaza mwenyewe inabashiri kidogo mno, na wakashauri njia nyingine zitafutwe. Nayataja haya ili kijana aliyekataliwa na mtihani wa aina hii asiibebe hukumu hiyo nyumbani kana kwamba ni daktari aliyempima damu.

Kama mtihani ni dhaifu hivyo, kwa nini tusiudanganye tu? Shauri hilo lina umri mkubwa. Mwaka 1956 Mmarekani William Whyte alichapisha kitabu chake kuhusu watumishi wa mashirika makubwa, na mwishoni akaweka mafunzo ya namna ya kuzihadaa karatasi hizi: jibu kama mtu wa kawaida kabisa, asiye na wasiwasi, asiye na mawazo ya ajabu. Whyte alikuwa na hoja nzito, kwamba mwajiri hana haki ya kuingia ndani ya nafsi ya mtu, na hoja hiyo nitairudia. Lakini mbinu yenyewe imechakaa. Watungaji wa leo huuliza jambo moja kwa sura tatu au nne, mbali mbali, kisha hulinganisha majibu. Wengine humpa mwombaji sentensi nne zote nzuri na kumtaka achague inayomfaa zaidi na isiyomfaa, hivyo hawezi kudai zote. Zaidi ya hayo, mdanganyifu hajui alama zinatafutwa upande gani. Kampuni inayotafuta muuzaji wa bima wa kuzunguka Tala na Matuu inataka mtu asiyekata tamaa akikataliwa na wageni kumi mfululizo. Kampuni hiyohiyo ikitafuta mhasibu inaweza kumwogopa mtu wa namna hiyo. Kijana anayejifanya mchangamfu kuliko alivyo huenda amejiondoa mwenyewe kwenye nafasi iliyomfaa. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa ni fupi zaidi kwa sababu mwongo haioni njia yenyewe.

Sasa nije kwenye shauri la pili, lile la kuwa wewe mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumia bila kujua. Wazee wetu walitufundisha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto anayejisifu mbele ya wageni hukemewa. Mtu akisifiwa kwa kazi nzuri, husema alisaidiwa na wenzake, au humshukuru Mungu. Na mkubwa akisema jambo, mdogo huitikia, hata kama moyoni ana shaka. Haya ni malezi mema, na sitaki kijana yeyote aondoke hapa akidhani nayadharau. Lakini mtihani wa hulka unayasoma vibaya. Anayejishusha kwa adabu anapewa alama ya mtu asiyejiamini. Anayekubali kila sentensi kwa heshima anaonekana hana msimamo, kwa kuwa amekubali sentensi mbili zinazopingana.

Ushahidi wa jambo hili uko hapa hapa Kenya. Watafiti Rachid Laajaj na Karen Macours waliwapima wakulima wa Siaya kwa maswali ya aina hii, wakarudi baada ya majuma kadhaa na kuwapima tena watu walewale. Vipimo vya akili na ujuzi vilitoa majibu yanayokaribiana mara zote mbili. Vipimo vya hulka viliyumba, na sababu mojawapo iliyoonekana wazi ni mwelekeo wa watu kukubali walichosomewa, kiwe kinasema hivi au kinyume chake. Mwaka 2019 watafiti hao na wenzao wakachapisha uchunguzi mpana wa watu zaidi ya 94,000 katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, Kenya ikiwemo. Maswali ya sifa tano yalipoulizwa ana kwa ana katika nchi hizo, mara nyingi hayakupima kilichokusudiwa: maswali yaliyotakiwa kwenda pamoja hayakwenda pamoja. Mwaka 2020 Amber Thalmayer na wenzake nao walichapisha utafiti ulioanza upande mwingine kabisa. Walikusanya maneno ambayo wazungumzaji wa Kimaa hutumia kuelezea tabia za watu, wakatazama yanavyojipanga. Sifa tano za vitabu vya Marekani hazikujitokeza vizuri. Wamaasai ni jirani zetu. Tumeuziana ng'ombe na kuibiana ng'ombe kwa vizazi vingi, nasi tunajua kwamba jirani huyu ana tabia, ana mashujaa na ana waoga kama watu wote. Ila anazigawa tabia hizo kwa mipaka yake mwenyewe.

Kuna utafiti mwingine unaostahili kufikiriwa kwa makini. Mwaka 2007 David Schmitt na wenzake walitangaza matokeo ya mtihani wa sifa tano kutoka mataifa 56. Kwa upande wa bidii na utaratibu, waliojipa alama za juu kabisa walikuwa watu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Ethiopia na Tanzania. Walioshika mkia ni pamoja na Wajapani. Hakuna mwajiri atakayesoma matokeo hayo na kuamini kwamba Mjapani ni mvivu asiye na mpangilio. Maelezo yaliyo karibu ni kwamba kila mtu hujilinganisha na watu wanaomzunguka na kiwango cha jamii yake, na kwamba kila jamii ina desturi yake ya kujitaja. Mjapani anayechelewa dakika mbili hujiona mzembe. Basi namba ambayo mtihani unatoa ni mchanganyiko wa tabia ya mtu na namna alivyofunzwa kuitaja tabia hiyo, na mashine haiwezi kuyatenganisha hayo mawili.

Hapa ndipo shauri langu linapopata msingi. Kama tatizo ni kwamba kujisemea hutegemea malezi, dawa ni kuiegemeza kila kauli juu ya tendo. Sentensi ikisema "watu huniona kuwa kiongozi", mtu asijiulize kama anajiona kiongozi, maana adabu itamjibu hapana. Ajiulize: je, nimewahi kuwa mweka hazina wa chama, na fedha zikatimia mwisho wa mwaka? Niliwahi kuchaguliwa mwakilishi wa darasa, au kusimamia vijana wa kanisa au msikiti? Katika mwethya wa kijiji, yaani kikundi cha kufanya kazi kwa ushirika, nani aliyekuwa akigawa kazi? Wakamba waliyajenga matuta ya milima hii kwa mwethya, wengi wao wanawake, na hakuna karatasi ya maswali inayopima uongozi vizuri kuliko kuwatoa watu alfajiri wakachimbe shamba la mwingine bila malipo. Kijana aliyefanya sehemu ya kazi ya namna hiyo anayo haki ya kuandika "nakubali kabisa", na akiulizwa kwenye mahojiano ataeleza lini, wapi na nani alikuwepo. Asiyewahi kuongoza lolote aseme hivyo pia, kwa sababu zipo kazi nyingi zinazomtaka mtu wa kufuata utaratibu kwa uaminifu.

Kwa njia hiyohiyo sentensi za kunasa uongo hukoma kutisha. "Sijawahi kumkasirikia mwenzangu kazini." Matendo yanasema nini? Umekasirika, kama binadamu wote, kataa, uendelee. Sentensi zenye ukanusho zinahitaji utulivu zaidi, hasa kwa kuwa mitihani mingi nchini huja kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wetu ni lugha ya tatu baada ya Kikamba na Kiswahili. Kabla ya kubonyeza, igeuze sentensi kichwani iwe ya kawaida, uone inadai ulifanya nini. Yale majibu ya katikati, "sijui" au "wakati mwingine", ni ya kweli mara chache tu. Anayeyachagua kila mara kwa kuogopa kukosea hutoka kama mtu asiyejulikana ni nani. Na sentensi zote zisomwe kana kwamba zina maneno "nikiwa kazini" mwisho wake. Mtu anaweza kuwa mkimya nyumbani na mwenye sauti dukani, na mwajiri anaajiri yule wa dukani. Usimpe rafiki akujazie. Anayejaziwa hubeba hulka ya mtu mwingine hadi kwenye mahojiano, na huko rafiki hayupo.

Pingamizi la kwanza nalisikia mara kwa mara: wenzangu watadanganya, nami mkweli nitabaki nyuma. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Majaribio mengi yameonyesha kwamba mtu akiambiwa ajipambe, anaweza kuinua alama zake. Lakini anachoweza mtu si lazima kiwe anachofanya akiwa mbele ya kazi halisi. Mwaka 2007 Joyce Hogan na wenzake walitangaza habari za waombaji 5,266 wa kazi moja Marekani ambao walikataliwa, wakaomba tena baada ya miezi sita na kufanya mtihani uleule. Ingetarajiwa kwamba mara ya pili wangejipamba. Katika kila sifa iliyopimwa, ni asilimia 5 hivi au chini ya hapo tu walioinua alama zao kwa kiasi cha kuonekana. Ni lazima niongeze kwamba watafiti hao wanahusiana na kampuni inayouza mitihani ya hulka, na msomaji ayapime maneno yao akilijua hilo. Hata hivyo, hesabu yao inatosha kuonyesha kwamba kundi kubwa la wadanganyifu tunaloliwaza huenda ni dogo kuliko hofu yetu. Tena mkweli wangu si yule anayejishusha. Sehemu kubwa ya pengo tunalodhani limeletwa na uongo wa wengine imeletwa na unyenyekevu wetu wenyewe, na pengo hilo linazibika bila uongo wowote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linatoka tumboni. Mtu mwenye njaa, mwenye wadogo wanaomtegemea karo, atazungumziwaje habari za ukweli? Aipate kazi kwanza. Simlaumu hata kidogo anayesema hivyo. Ninamwomba tu aitazame sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu kipindi cha majaribio cha hadi miezi sita, na katika kipindi hicho mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku saba, au kwa malipo ya mshahara wa siku saba. Kijana mkimya aliyejiandika kuwa mchangamfu, akapewa kazi ya kupigia wateja simu mia kwa siku, ataonekana mapema. Ameacha kibarua chake cha Athi River, amelipa kodi ya nyumba Nairobi, kisha anarudishwa kwa notisi ya siku saba. Maskini ndiye asiyeweza kumudu hasara hiyo. Tajiri hukosea kazi akatafuta nyingine.

Pingamizi la tatu ndilo la Whyte, na ndilo ninaloliheshimu kuliko yote: chombo hiki si cha haki, na chombo kisicho cha haki hakidai ukweli kutoka kwa mtu. Watu wa Machakos wanajua maana ya kupewa hulka na mwingine. Maofisa wa kikoloni waliwaandika Wakamba kuwa kabila la askari, watiifu, na wakawaandikisha kwa wingi katika KAR, jeshi la kikoloni, na katika polisi. Mwaka 1938 serikali ilipoanza kuwapunguzia ng'ombe kwa nguvu, na kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa kimeanzishwa Athi River, watu hao watiifu walitembea kwa maelfu hadi Nairobi wakidai kumwona Gavana, wakakaa huko kwa majuma. Muindi Mbingu aliyewaongoza alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini upunguzaji wa lazima wa mifugo uliachwa. Maandishi ya maofisa yalikuwa yamewataja watu wote kwa neno moja, na neno hilo halikubashiri lolote siku ilipofika ya kuamua. Kwa hiyo nakubaliana na Whyte kwamba namba ya hulka inaweza kuwa dhuluma. Ninapoachana naye ni kwenye dawa. Uongo wa mwombaji mmoja mmoja hauigusi dhuluma hiyo. Unaiacha mahali pake, tena unampa mwajiri sababu ya kununua mtihani mkali zaidi. Dhuluma ya ajira huondolewa kwa sheria na kwa watu kuidai sheria.

Na sheria ipo, ingawa haijakamilika. Katiba ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31 na haki katika mambo ya kazi katika kifungu cha 41. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi dhidi ya mfanyakazi na dhidi ya anayeomba kazi pia, kwa misingi ya dini, lugha, asili ya kijamii, ulemavu, hali ya akili na mingineyo. Swali linalopekua sala zako, ndoa yako au ugonjwa wako limeuvuka mpaka huo, na mwombaji anaweza kuuliza kwa maandishi na kwa heshima: swali hili linahusianaje na kazi? Huko Marekani, mwaka 2005, mahakama moja ya rufaa iliamua kwamba ule mtihani wa Minnesota ni uchunguzi wa kitabibu, na kwa hiyo mwajiri hakuwa na ruhusa ya kuutumia vile alivyoutumia kwa wafanyakazi wake waliotaka kupandishwa cheo. Nchini mwetu, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwaje, kuziona, na kutaka zilizo za uongo zirekebishwe. Kifungu chake cha 35 kinahusu uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Kina nafasi za kando, kwa mfano mtu akiwa ameridhia, lakini uamuzi wa namna hiyo ukifanywa mhusika anapaswa kuarifiwa kwa maandishi, naye anaweza kuomba uangaliwe upya na binadamu. Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data hupokea malalamiko. Ni vijana wachache mno wanaojua kwamba barua ya "hukuchaguliwa" inaweza kujibiwa kwa barua.

Linalokosekana ni hili. Afrika Kusini, katika Sheria ya Usawa wa Ajira ya mwaka 1998, kifungu cha 8, imepiga marufuku mtihani wowote wa kisaikolojia kwa wafanyakazi na waombaji kazi isipokuwa umethibitishwa kisayansi kuwa unapima kinachodaiwa, unaweza kutumiwa kwa haki kwa wote, na hauelemei dhidi ya kundi lolote. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayepima. Sheria yetu ya Ajira haina kifungu kama hicho. Mtihani uliotungwa Marekani au Uingereza unaweza kuuzwa Nairobi na kutumiwa kumkataa mtoto wa Yatta bila mtu yeyote kuonyesha kwamba uliwahi kujaribiwa kwa watu wa Yatta. Tangu 2014 tunayo sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na bodi yake; wataalamu wa kuikagua mitihani hii hawahitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa waajiri walioko kaunti hii, kuanzia viwanda vya Athi River hadi vyama vya akiba na mikopo vya mjini: msimkate mtu kwa mtihani wa hulka kabla hamjamsikia. Wekeni fedha za mitihani hiyo katika mahojiano yaliyopangwa vizuri na katika kumpa mwombaji kipande cha kazi yenyewe akifanye mkimwona. Kwa wabunge wanaotuwakilisha: leteni mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira, uwe na kifungu kinachomtaka kila anayetumia mtihani wa kisaikolojia athibitishe kwanza kwamba unawapima Wakenya kwa haki. Wenzetu wa Afrika Kusini walikiandika cha kwao mwaka 1998, kwa maneno machache yasiyofika nusu ukurasa.